Kabla ya Kuuliza Bei ya Kiwanja, Uliza Shule

Ukienda kuangalia kiwanja Chanika, Msongola au Zingiziwa, pembezoni mwa Dar es Salaam, dalali atakuonesha nguzo ya umeme kabla hujashuka kwenye bodaboda. Atakuonesha bomba la maji, kisha mahali lami ilipoishia, na atakuapia kwamba lami hiyo inakuja. Ukimuuliza shule, atanyoosha mkono upande wenye minazi na kusema, "Ipo hapo tu." Wanunuzi wengi wanaridhika na mkono ule. Naomba wasiridhike.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule ya serikali, Ilala, si mbali na katikati ya jiji. Mitaa inayotuzunguka imepungukiwa watoto, maana nyumba nyingi za kuishi zimegeuka maduka na stoo. Hata hivyo darasa langu limejaa. Limejazwa na watoto wa wazazi waliokwenda kujenga pembezoni huku kazi zao zikibaki Kariakoo na Posta. Asubuhi mzazi anakuja na mtoto, jioni anarudi naye.

Mwanafunzi wangu mmoja anatoka Zingiziwa. Mama yake anauza vitenge Kariakoo. Wanaamka saa kumi alfajiri wawahi daladala za mwanzo, kabla makondakta hawajaanza kuwakataa wenye sare, kwa kuwa mwanafunzi analipa shilingi 200 na mtu mzima analipa mara tatu ya hiyo na zaidi. Kengele ya mapumziko ikilia saa nne, wenzake wanakimbilia uwanjani, yeye analalia daftari. Ni mtoto mwenye akili. Jumatatu anasoma bila kukwama, kwa sababu Jumamosi na Jumapili amelala vya kutosha. Ikifika Alhamisi, herufi zake zinatoka nje ya mstari.

Mama yule anampenda mwanawe. Alipata kiwanja cha bei aliyoiweza, akajenga chumba kimoja kimoja kwa fedha za kikoba, akahamia kukimbia kodi ya nyumba. Nani atamlaumu? Lakini kiwanja cha bei ndogo kina gharama ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya mauziano, na anayeilipa kila alfajiri ni mtoto wa miaka minane.

Gharama hiyo haiishii shule ya msingi. Mtoto akichaguliwa kujiunga na sekondari ya kutwa, kwa kawaida hupangiwa shule iliyo jirani na shule ya msingi aliyomaliza. Aliyesomea Ilala anapangiwa huku huku, ingawa kwao ni Zingiziwa. Safari inaongezeka miaka minne mingine. Wazazi wengi hawalijui jambo hili siku wanapomwandikisha mtoto darasa la kwanza mjini, wakidhani wanamtafutia shule nzuri ya muda tu.

Wenye uwezo wanakimbilia shule binafsi na basi lake. Basi la shule huanza kumchukua anayekaa mbali kuliko wote, kwa hiyo mtoto wa pembezoni ndiye anayeketi humo muda mrefu kuliko wenzake. Tusisahau pia Mtwara, Julai 2022, gari la shule lilipotumbukia shimoni na kuua watoto waliokuwa wakienda masomoni. Njia ya bweni kwa wadogo nayo ilifungwa mwaka 2023, serikali ilipokataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Nililiunga mkono katazo lile, na bado naliunga mkono. Mtoto mdogo alale kwao.

Kinachobaki ni shule ya karibu, ile ya serikali, ambayo tangu Januari 2016 haitozi ada kuanzia awali hadi kidato cha nne. Basi ikaguliwe kama unavyokagua kiwanja. Nenda siku ya masomo, si Jumapili. Tembea kutoka kwenye kiwanja hadi getini kwa mwendo wa mtoto, na uangalie anavuka barabara gani. Kama upande wako ni Kivule au Msongola, nenda wakati wa masika uone Mto Mzinga na vijito vyake vinafanya nini, kwa sababu shule iliyo ng'ambo ya mto si shule ya jirani mwezi wa Aprili. Mwone mwalimu mkuu. Muulize darasa la kwanza lina mikondo mingapi na kila mkondo una watoto wangapi. Kiwango cha serikali ni 45. Muulize kama wanaingia kwa zamu, maana mtoto wa zamu ya mchana anarudi nyumbani jua likizama. Walimu wakuu hawafichi haya, wanafurahi wakiulizwa. Muulize na sekondari wanayopangiwa wanaomaliza pale.

Utaambiwa darasa lina watoto zaidi ya mia, na utaogopa. Hapo ndipo lawama yangu inahamia kwa serikali za mitaa na halmashauri. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, watu wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728, na wengi wao walikwenda pembezoni kujenga kwenye ardhi isiyopimwa. Mwenye shamba anakata vipande vya hatua ishirini kwa ishirini hadi kipande cha mwisho. Serikali ya mtaa inashuhudia kila mauziano, muhuri unagongwa, na hakuna anayesema kipande hiki tusikiuze, ni cha shule. Baada ya miaka kumi inatafutwa ardhi ya madarasa, na haipo bila kulipa fidia. Jiji hili liliwahi kufanya vizuri zaidi: mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, Kibada na Buyuni vikiwemo, ulipima kwanza na kuuza baadaye.

Muda uliobaki ni mfupi. Kwa mtaala mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Wenyeviti wa mitaa ya Chanika, Majohe, Kivule na Zingiziwa, mashamba machache ambayo hayajakatwa mnayajua kwa majina ya wenyewe. Iteni mikutano ya wakazi sasa, mtenge eneo la shule kabla hamjagonga muhuri mwingine. Nawe unayekwenda kuonana na dalali Jumamosi hii, ahirisha hadi Jumatatu, shule ikiwa wazi.