Lengelenge Halingoji Mwisho wa Safari

Mdharau mwiba, walinena wahenga, mguu huota tende. Msomaji, ukienda na jamaa yako kutembea siku nzima kule Ziwa, kaskazini mwa Eldoret, umande wa asubuhi utalowesha soksi kabla hamjafika mbali.

Ngozi mbichi ikisuguliwa na kiatu, tabaka zake huachana, maji yakajaa katikati. Basi vaa viatu ulivyovizoea, wala si vipya, na ubebe soksi kavu za kubadilisha.

Kuna na plasta ya karatasi, isiyo ghali. Utafiti wa madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wakimbiaji walioibandika kabla ya mbio walipunguza malengelenge kwa asilimia 40.

Mguu ukianza kuchoma njiani, usione haya. Waambie wenzako wakungoje, ufunike mahali hapo.

Lengelenge likishatokea, usilipasue. Likipasuka lenyewe, lioshe kwa maji safi na sabuni, uiache ngozi yake, kisha ulifunike. Ukiona usaha au wekundu unaoenea, nenda zahanati. Mwenye kisukari asingoje dalili hizo. Kidonda kidogo chaweza kumgharimu mguu.