Foto kabla ya poda

Siku ya kolasio mtoto anamwagiwa poda kichwani mara tu anapotoka ukumbini. Ni furaha, hakuna wa kuikataza. Lakini mpigeni foto kwanza, wakati toge ingali safi: telefone ikiona weupe mwingi inapunguza mwangaza, uso unabaki giza, na uso ndio tunaoutafuta. Mkichelewa, gusa uso wake kwenye kioo cha telefone kabla ya kupiga. Poda ikishika jicho la kamera, panguza na pembe ya kitenge.

Jua la saa sita linatia vivuli machoni. Mpelekeni chini ya mwembe. Usikuze kwa vidole, sogea wewe.

Halafu yule mama aliyeuza makala sokoni miaka yote ili minerval ilipwe: mara nyingi ndiye anashikishwa telefone na mikoba ya wote, naye haonekani kwenye foto hata moja. Mnyang'anyeni! Akae katikati, mtoto amvalishe kofia. Bibi apewe kiti, na mpiga foto achuchumae, asimpige kutoka juu.

Foto moja ichapishwe juma hilohilo. Telefone zinaibwa.