Blogu za Kiswahili: wasomaji wa kununua na wasomaji wa kutafuta

Kufungua blogu ya habari Afrika Mashariki ni kazi ya siku moja. Kupata wasomaji ni kazi ya miaka. Ndiyo maana vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanajifunza mambo mawili: kuziandaa kurasa zao ili zionekane katika injini za utafutaji, na kulipia matangazo yanayoleta wageni. Ufundi huo unagusa swali kubwa zaidi: ni habari za nani zitakazoandikwa kwa Kiswahili?

Nchini Tanzania, gharama zilitangulia msomaji wa kwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu kuwa na leseni, na ada zake zilifikia takriban shilingi milioni 2.1. Juni mwaka huo, mtandao wa JamiiForums ulilazimika kusitisha huduma kwa muda. Kanuni hizo zimerekebishwa tangu hapo, lakini somo lilibaki: anayeanza hana budi kuzirudisha fedha zake haraka.

Haraka hiyo ndiyo inayowasukuma wengi kununua wasomaji. Matangazo ya Google huuzwa kwa mnada. Mtangazaji huchagua maneno na kutaja kiwango chake, kisha hulipa kila mtu anapobofya. Tuchukue mfano: ikiwa mbofyo mmoja unagharimu shilingi 100, na msomaji huyo akaiingizia blogu shilingi 5 za matangazo, kila mgeni ni hasara ya shilingi 95. Fedha zikikatika, wageni nao hukatika. Hatari zaidi ni wauzaji wanaoahidi maelfu ya wageni kwa bei ya kutupa, kwani mara nyingi wageni hao ni programu za kompyuta. Google inakataza mibofyo ya bandia, na inaweza kuifunga akaunti ya mapato ya blogu.

Siasa nazo huingilia. Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na watumiaji wengi wakakimbilia VPN. Kwa kuwa VPN huweza kumwonyesha mtu wa Kampala kana kwamba yuko nchi nyingine, tangazo lililolipiwa kwa ajili ya Uganda laweza kumkosa.

Njia ya utafutaji ni ya polepole, lakini hudumu. Ukurasa unapaswa kufunguka upesi kwenye simu, na kichwa chake kijibu swali kwa maneno ya muulizaji mwenyewe. Hapa lugha ndiyo mtaji. Watu hawatafuti “mfumuko wa gharama za nishati”. Wanatafuta “bei ya petroli leo”. Makala ileile ya usafiri wa mjini itatafutwa kwa neno matatu jijini Nairobi, daladala Dar es Salaam, na taksi Kampala. Tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza haiyajui hayo.

Hata hivyo, kuyafuata maneno yanayotafutwa sana kuna mtego wake. Matokeo ya kidato cha nne yanapokaribia nchini Tanzania, kurasa nyingi hutangaza kwamba matokeo “yametoka”, ilhali Baraza la Mitihani halijayatangaza. Msomaji aliyedanganywa hivyo harudi. Machi 2024, Google ilikaza masharti dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila manufaa kwa msomaji. Mei mwaka huohuo ilianza, nchini Marekani kwanza, kuweka juu ya matokeo muhtasari ulioandikwa na akili mnemba. Anayeridhika na muhtasari huo hana haja ya kuifungua blogu.

Kwa wasemaji wa Kiswahili walio wachache katika nchi zao, jambo hili si dogo. Maswali yao ni machache, hivyo hayavutii mtangazaji wala mwandishi anayewinda idadi. Lakini swali lisilo na jibu mtandaoni halina ushindani pia. Blogu itakayoandika kwa uaminifu kuhusu ushuru wa mpakani, ada za shule au soko la mtaa wao yaweza kuwa ya kwanza kuonekana bila kulipia tangazo. Muhtasari wa mashine hauwezi kujumlisha habari ambayo hakuna aliyekwenda kuiuliza.