Mkanda Mweusi: Kuhitimu au Kuanza?

Mtu akitajwa kuwa na mkanda mweusi wa karate, aghalabu wasikilizaji humwangalia kwa jicho jingine. Huaminika kwamba amefika kileleni, kwamba mikono yake ni silaha na kwamba hana tena la kufunzwa. Filamu zimechangia pakubwa katika kuieneza imani hii. Hata hivyo, imani yenyewe inakinzana na jina la daraja husika, na mwanafunzi wa lugha angepaswa kuwa wa kwanza kuligundua hilo.

Daraja la kwanza la mkanda mweusi huitwa shodan kwa Kijapani. Sho ni mwanzo. Dan ni ngazi. Madaraja yanayolitangulia, yaitwayo kyu, huhesabiwa kwa kushuka hadi kufikia moja, ndipo hesabu ya dan inapoanza upya na kupanda, katika mitindo mingi hadi 10. Aliyetunukiwa mkanda huo, basi, amewekwa kwenye ngazi ya chini kabisa ya safari nyingine. Mtihani wake huhusu mbinu za msingi, kata, yaani miondoko iliyopangwa kwa mfululizo, na kumite, yaani kupambana na mwenzake. Akifaulu, amethibitisha kwamba mwili wake sasa unamtii na kwamba anafundishika.

Ikumbukwe pia kwamba mkanda huu si wa kale kama unavyodhaniwa. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, ndiye aliyewapa wanafunzi wake wawili daraja la shodan mwaka wa 1883. Karate ya Okinawa haikuwa na madaraja wala mikanda ya rangi. Mwalimu alimjua mwanafunzi wake, basi. Funakoshi Gichin, aliyetoka Okinawa kwenda Tokyo mwaka wa 1922, aliuazima mfumo wa Kano na kuwatunuku wanafunzi wake wa kwanza mikanda myeusi mnamo Aprili 1924. Kile kisa cha mkanda mweupe uliolowa jasho na vumbi hadi ukawa mweusi ni ngano tu, tena tamu.

Wazungumzaji wa Kiswahili husema kwamba fulani "amehitimu" mkanda mweusi. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, na hubeba maana ya kutia muhuri, kukamilisha. Yamkini ndilo linalowapotosha wengi. Lakini hata huko Pwani, mtoto wa chuoni anapohitimu msahafu na kufanyiwa sherehe, hakuna mzee wa Lamu wala wa Mombasa amwitaye mwanachuoni kwa sababu hiyo. Ameweza kusoma, tafsiri, fikihi na nahau bado zinamngoja. Kwa maana hiyo kongwe, kuhitimu na shodan hazigombani hata kidogo. (Wenye shahada za kwanza huenda wakajiona humu pia.)

Athari za kutoielewa maana hii si za kilugha pekee. Hakuna chombo kimoja duniani kinachoamua nani astahili mkanda mweusi. Kila chama kina vigezo vyake, na mkanda wa ukumbi mmoja huenda usilingane na wa jirani. Mzazi alipaye ada ya mtihani kila baada ya miezi michache hutarajia kuona rangi mpya kiunoni mwa mwanawe, naye mwalimu anayeitegemea ada hiyo kulipia kodi ya ukumbi huona uzito kumwangusha mtoto. Hivyo ndivyo mtoto wa miaka tisa anavyofungwa mkanda mweusi na kuaminishwa kwamba aweza kumkabili mtu mzima mwenye kisu. Siku atakapoijaribu imani hiyo njiani jioni, huenda ikamgharimu uhai.

Si lazima watoto wanyimwe mikanda. Walimu wangefanya vyema kumweleza kila mzazi maana ya neno shodan siku ile ile ya kutunuku, kabla picha hazijapigwa.