Mwacheni Kinda Alipo

Mvua za vuli zikishashika na kumbikumbi wakaanza kutoka, ndege wa mitaani kwetu nao huwa na watoto wa kulisha. Ndiyo majira ambayo mtu anafagia uani asubuhi, anakuta kiumbe kidogo kimejikunyata chini ya mchongoma: manyoya yametimka, mkia mfupi kama uliokatwa, pembe za mdomo njano. Kinamtazama, wala hakiruki. Mara nyingi ni kinda wa shore, yule ndege mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayeanza kelele zake alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri.

Ombi langu kwenu, wenzangu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na popote penye ua na mti, ni kwamba msimwokote.

Najua huruma inavyomsukuma mtu. Sisi tumezoea kuku. Kifaranga wa kuku huanguliwa macho yako wazi na mwili una manyoya, na haichukui muda anamfuata mama yake. Ukimkuta peke yake analia, kweli amepotea. Shore hakuumbwa hivyo. Hutoka kwenye yai uchi na kipofu, hulishwa kiotani kwa wiki mbili hivi, kisha hutoka kabla mbawa hazijakomaa. Anatoka mapema kwa sababu kiota chenye makinda wawili watatu wanaolilia chakula kutwa nzima hakifichiki. Wakitawanyika vichakani, adui akimpata mmoja hajawapata wote. Kwa siku kadhaa kinda atakuwa akirukaruka chini huku wazazi wakimletea wadudu na vipande vya matunda.

Basi mama haonekani kwa sababu yuko kazini. Na wewe ukisimama pale kumsubiri, ndiyo hatashuka kabisa. Ingia ndani, uchungulie dirishani.

Kinda akiwa mahali pabaya, kwa mfano kwenye njia ya bodaboda, mchukueni taratibu mkamweke kwenye kichaka cha karibu. Wazazi watamfuata kwa sauti. Ile habari kwamba ndege humkataa mtoto aliyeguswa na binadamu si kweli. Nadhani wakubwa waliipenda kwa sababu ilituzuia watoto kuchezea viota, na kwa kazi hiyo ilifaa. Ila asiye na manyoya bado, huyo ameanguka: mrudisheni kiotani. Kama kiota kimeharibika, chukueni kikapu kidogo au kopo lililotobolewa matundu chini, wekeni nyasi kavu, mkifunge kwenye tawi lilelile.

Msimpe kitu. Ugali, wali na maziwa havimfai. Maji ndiyo hatari zaidi, maana njia ya pumzi ya ndege ni tundu lililo wazi nyuma ya ulimi, na tone la huruma huishia mapafuni.

Kazi yenu ni kumlinda. Paka afungiwe ndani siku hizo chache. Wenye manati waitwe, wapewe kazi ya ulinzi badala ya kufukuzwa. Mtoto aliyekabidhiwa kitu huwa mlinzi mkali kuliko mwenye nyumba. Pia waambieni kwamba kumfungia kwenye tundu nako si huruma: kwa Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyamapori bila kibali, na ndege wamo.

Anabaki kunguru, na huyo hashindwi na ua mmoja. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akitarajiwa kusaidia kusafisha mji kwa kula taka. Alikula taka, akala na mayai na makinda wa ndege wetu, akaenea pwani nzima. Anakaa pale penye chakula cha bure. Nyumba kumi zikifunika mapipa yao na moja ikaacha mifuko wazi barabarani, kunguru wa mtaa mzima wameshapata meza, na kutoka hapo wanapekua michongoma ya wote. Hili lifikisheni kwenye kikao cha mtaa, hata kama mtachekwa kwa kuanza na habari za ndege.

Mkimkuta kinda anatoka damu, bawa linaning'inia, au amewahi kuwa mdomoni mwa paka hata kama jeraha halionekani, msingoje. Meno ya paka huacha vijidudu vinavyoua haraka. Mtieni kwenye boksi lenye matundu, mlifunike apate giza na utulivu, mkampeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Na kama fundi bustani amekuja leo na mkasi wake kupunguza ua, mkaona ndani kuna kiota, mpeni nauli yake na mwombeni arudi baada ya wiki tatu.