JIKONI: Kisu kwanza, moto baadaye



Wiki hii tuongee juu ya chakula cha jioni za katikati ya wiki. Jumapili kila mtu anajua kupika. Shida ni siku ya tatu au ya nne: umetoka soko giza likiingia, watoto wana njaa na kazi za shule hazijafanywa, na makala yaliyobaki ndani ya mfuko ni ya kuwasha mbabula mara moja tu. Bei ya makala hakuna asiyeijua. Wenzetu wa Goma wanajua pia yanakotoka: mengi yanachomwa katika misitu ya Virunga, na barabara ikiharibika kidogo tu, mfuko unapanda bei. Kwa hiyo chakula kinachoiva kwa dakika kumi ni franga zinazobaki mkononi.

Ndiyo sababu nimechagua upishi wa Asia. Najua wengine watasema hicho ni chakula cha restora, cha wenye pesa, chenye chupa nyingi ambazo hata majina yake hatuyasomi. Lakini kule China, Vietnam au Indonesia, mama wa kawaida akirudi nyumbani jioni anapika haraka kwa vitu ambavyo karibu vyote viko katika soko letu: tangawizi, kitunguu saumu, kabichi, karoti, mayai, samaki wadogo, karanga, mchele, pilipili. Kinachomsaidia kuliko chupa ni kisu chake. Anakata kila kitu kidogo kidogo kabla ya kuwasha moto, halafu anakipitisha juu ya moto mkali kwa dakika chache tu, akigeuza bila kuacha. Kipande kidogo kinaiva upesi, na moto haufanyi kazi ya saa nzima.

Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Tunawasha mbabula, tunabandika sufuria, ndipo tunaanza kutafuta kitunguu. Makala yanawaka bure huku tunamenya. Wiki hii jaribu hivi: mbabula ikae baridi mpaka kila kitu kiwe kimekatwa na kupangwa kwenye sahani, hata chumvi iwe karibu. Mtoto mkubwa anaweza kukata karoti huku mdogo anachambua majani. Ndipo uwashe, na ungoje makala yawe mekundu kabisa. Sufuria pana au kikaango cha chuma kinafaa; lile karai lao liitwalo wok ni zuri, lakini si lazima. Na mbabula ikae nje, au pale ambapo mlango na dirisha viko wazi. Hata mvua ikinyesha, usiifungie ndani ya chumba cha kulala. Hewa ya makala haina harufu ya kukuonya, na inaua.

Kitu kingine cha mbabula: moto wake hauna nguvu ya ule wa gesi. Ukimwaga mboga zote ndani ya sufuria mara moja, sufuria inapoa, mboga zinatoa maji, na mwisho wake umezichemsha. Kaanga kidogo, ondoa, kaanga tena kidogo. Mara mbili za dakika tatu ni bora kuliko mara moja ya dakika kumi na tano.

Tuanze na nyama, kwa sababu hapo ndipo nina neno la kusema. Robo kilo ya nyama ya ng'ombe kwa watu sita au saba: tukiipika kwa mchuzi, inakuwa vipande saba au nane, na kila nyumba inajua kipande kikubwa kinakwenda wapi. Baba anapata, mgeni anapata, mtoto wa mwisho analamba mchuzi, na mama mwenye mimba anasema ameshiba. Robo kilo hiyohiyo ukiikata nyembamba kama kidole cha mtoto mchanga, ukikata kwa kukingama na nyuzi za nyama, haina tena kipande cha mtu. Imechanganyika na mboga, na kila kijiko kinachochotwa kina nyama ndani yake. Ningependa wamama wajaribu hili hata kama mengine yote ya leo hayawapendezi.

Ikatwe, kisha uichanganye na kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soja, kijiko kidogo cha maizena (ukikosa maizena, unga laini wa muhogo unafaa) na mafuta kidogo. Iache ikae wakati unakata kabichi nusu, karoti mbili, kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba. Mafuta vijiko viwili, yapate moto vizuri. Nyama iingie, igeuzwe dakika mbili au tatu mpaka wekundu uishe, itoke. Tangawizi na kitunguu saumu ziingie kidogo tu, zisiungue, kisha karoti, kisha kabichi. Kabichi ikianza kulainika lakini bado inalia mdomoni, rudisha nyama, nyunyiza maji vijiko vitatu, geuza mara chache, ondoa. Kwa wali ni nzuri, na kwa bugali pia. Ukitaka mchuzi kwa ajili ya bugali, ongeza maji nusu kikombe, ule unga utayafanya mazito.

Sasa majani. Lengalenga yetu inaliwa China pia, na wanaipika kwa kitunguu saumu. Matembele vilevile: kule Taiwan majani ya viazi vitamu ni mboga ya kila siku. Tofauti ni kwamba wao hawayachemshi mpaka yawe meusi na kumwaga maji. Yaoshe vizuri, yakaushe maji kwa kuyatingisha, ondoa vikonyo vigumu. Mafuta, kitunguu saumu kilichopondwa, majani, chumvi. Geuza mpaka yalegee, dakika tatu au nne, basi. Yanabaki na rangi yake, na vitamini nyingi ambazo zingeondoka na maji ya kuchemshia zinabaki ndani ya sahani.

Lakini sombe haimo katika hesabu hii, na naomba hapa tusikilizane vizuri. Majani ya muhogo yana sumu ambayo inaondoka kwa kutwanga na kuchemsha muda mrefu. Waindonesia nao wanakula majani ya muhogo, nao pia wanayachemsha kwanza. Asitokee mtu akasema gazeti letu limefundisha kukaanga sombe dakika tano. Sombe ina siku yake, na muda wake ni uleule waliotufundisha mama zetu. Maharagwe pia, hasa yale mekundu, yachemke mpaka yaive kabisa.

Kwa jioni ambayo hakuna nyama, kuna chakula kimoja cha China ambacho huko hata kijana anayejifunza kupika anaanza nacho: nyanya na mayai. Utasema nyanya na mayai tunakula tangu zamani. Kweli, ila utaratibu wao ni mwingine, na ladha inabadilika. Piga mayai matano na chumvi kidogo. Yakaange kwanza peke yake katika mafuta yenye moto, yavuruge kwa vipande vikubwa, na uyatoe yakiwa yameiva lakini bado laini. Katika sufuria ileile weka nyanya tano zilizokatwa, chumvi, na kijiko kidogo cha sukari kwa ajili ya ukali wake. Zikishayeyuka kuwa mchuzi, rudisha mayai, tia majani ya kitunguu yaliyokatwa, yapate moto pamoja dakika moja, na uhakikishe mayai yameiva. Mayai hayakauki, na mchuzi unatosha kulowesha wali wa familia nzima. Mtoto aliyeanza kula chakula cha wakubwa anakipenda sana. Yeye mtolee chake kabla ya kuweka pilipili.

Wenzetu wa kando ya Ziwa Kivu wana bahati ya sambaza. Samaki huyu si mzaliwa wa ziwa letu: aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo sijui tungekula nini bila yeye. Wakorea na Wamalaysia wanawapika samaki wadogo waliokaushwa kwa njia inayofaa kabisa kwa sambaza na ndagala. Chukua vikombe viwili vya wale wakavu, chambua mchanga, osha haraka kwa maji ya uvuguvugu na kausha. Wapitishe katika kikaango bila mafuta mpaka waanze kulia kwa ukavu, watoe. Weka mafuta vijiko viwili, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, kijiko kikubwa cha sosi ya soja na kijiko kikubwa cha sukari. Ikianza kutoa mapovu, rudisha samaki, geuza upesi, ondoa. Ukiongeza konzi ya karanga zilizokaangwa, umekaribia kabisa upishi wa Malaysia. Wanaliwa wazima na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo yenye kalisi ambayo watoto wetu na wamama wanaonyonyesha wanaihitaji.

Karanga nazo zina kazi nyingine. Indonesia wanakula mboga zilizochemshwa kidogo, kama kabichi, karoti, viazi na yai la kuchemsha, wakizimwagia mchuzi wa karanga. Wanaita gado-gado. Twanga karanga zilizokaangwa, changanya na maji ya moto, ndimu, pilipili, chumvi na sukari kidogo mpaka iwe kama uji mzito. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe, zisijifiche ndani ya pilipili. Si ajabu kwamba mchuzi huu ulimi wetu unautambua mara moja: karanga na pilipili zote zilitoka Amerika, zikavuka bahari hadi kwao na hadi kwetu.

Kuhusu wali wa kukaanga, ambao Waindonesia wanauita nasi goreng, kila kitabu kitakwambia utumie wali wa jana. Kwa mwenye frigo inayofanya kazi usiku kucha, sawa. Kwetu ambako umeme unakatika, sikubali. Wali uliolala ndani ya sufuria ya uvuguvugu unaota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haifi hata ukiukaanga mpaka ukauke. Mtoto atatapika usiku mzima na tutasema amerogwa. Fanya hivi: pika wali wa jioni hiyohiyo kwa maji pungufu kidogo, uutandaze kwenye sinia pana upoe na ukauke kwa nusu saa, kisha ukaange na kitunguu, yai, karoti na kabichi iliyobaki. Punje zitaachana vilevile. Kama mchele hakuna, spageti iliyochemshwa na kuchujwa vizuri inapita njia hiyohiyo.

Neno la mwisho ni juu ya sosi ya soja, kwa sababu ndiyo kitu pekee cha kununua dukani. Ina chumvi nyingi: kijiko kikubwa kimoja kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na OMS inashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Kwa hiyo ukiweka sosi, punguza chumvi, na Maggi iache ndani ya pakiti yake. Hasa kama nyumbani kuna mtu wa tansio. Chupa moja kubwa inakaa muda mrefu, na vikundi vyenye likelemba vinaweza kununua chupa kubwa moja na kugawana katika vichupa safi. Inatoka nafuu kuliko kila mmoja kununua ndogo yake. Asiyeipata atumie chumvi, ndimu, na kijiko cha ndagala wakavu waliotwangwa kuwa unga. Ladha haitakuwa ileile, lakini itakuwa nzuri, na mimi mwenyewe hiyo ya ndagala ndiyo ninayoipenda zaidi.

Wenye soya iliyovunwa, msiuze yote. Wiki ijayo tutatengeneza tofu, na mtahitaji kilo moja ya soya, ndimu nne na kitambaa safi cha kuchujia.