MAKOFI SI MSHAHARA

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba muziki wa akina Haydn, Mozart na Beethoven ni muziki wa makabaila, na kwa hiyo mtu wa kazi hana haja nao. Neno hili lina nusu ya ukweli. Makabaila ndio walioulipia, na ndio walioketi mbele kuusikiliza. Lakini aliyelipa siye aliyetenda. Nyumba ni kazi ya mwashi, hata kama tajiri ndiye alalaye ndani yake. Basi na tuwatazame wale waliotenda, tuone walikuwa watu gani.

Joseph Haydn alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, nchini Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu, na mama yake alipata kuwa mpishi katika jumba la kabaila. Mwaka 1761 alitia sahihi mkataba wa kuutumikia ukoo wa Esterházy, uliokuwa miongoni mwa koo tajiri kabisa za Hungaria. Mkataba ule wafaa kusomwa na kila mfanyakazi. Ulimtaka avae sare na soksi nyeupe. Afike kila siku, kabla ya adhuhuri na baada yake, kungoja amri katika sebule ya bwana. Atunge kila atakachoagizwa. Tena asimtungie mtu mwingine ye yote bila ruhusa. Kazi ya kichwa chake ikawa mali ya bwana wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Haydn aliinama.

Lakini kuinama si kulala. Mwaka 1772 bwana wake, Nikolaus Esterházy, alikawia mno katika jumba lake jipya la Eszterháza, na wapigaji wengi walikuwa wamekatazwa kuja na wake zao. Wakamlilia mkuu wao. Haydn hakuandika barua ya malalamiko, alitunga simfonia. Mwishoni mwake kila mpigaji, akiisha kumaliza sehemu yake, alizima mshumaa, akachukua chombo chake, akatoka kimya kimya, hata zikabaki fidla mbili tu. Waliosimulia maisha yake wanasema kwamba bwana yule alielewa, akaamuru safari ya kurudi. Muungwana ni kitendo.

Mwaka ule ule Haydn alitunga kwarteti sita, yaani muziki wa watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Zamani mara nyingi fidla ya kwanza ndiyo iliyosema, na wengine wakaitikia kama watumishi. Katika kwarteti hizi kila chombo kilipewa zamu yake ya kunena, hata selo, iliyozoea kubeba mzigo chini. Hatusemi kwamba alikusudia siasa. Twasema tu kwamba mtu aliyengoja amri sebuleni alijua kuwapa wanne haki sawa ya kusema.

Na umbo la sonata, ambalo ndilo nguzo ya muziki wa zama zile, si fumbo la mabwana. Kwanza huletwa hoja mbili, kila moja na makao yake. Kisha hoja hizo huchambuliwa, huvutana na kugeuzwa. Mwisho hurudi tena, na safari hii zote mbili hukaa katika makao mamoja. Mtu aliyepata kuhudhuria mkutano ulioendeshwa vema hatashindwa kuufuata mwendo huo.

Mozart, aliyezaliwa mwaka 1756, hakuweza kuvumilia. Alimtumikia Askofu Mkuu wa Salzburg, na alipopelekwa Vienna mwaka 1781 alikalishwa mezani pamoja na watumishi wa chumbani na wapishi. Alipodai kuachiliwa, msimamizi wa bwana wake alimfukuza kwa teke. Tangu hapo aliishi kwa kufundisha, kwa kupiga hadharani na kwa kuuza tungo zake. Alipata heshima, lakini soko nalo ni bwana, tena halina pensheni. Alikufa mwaka 1791, umri wake miaka 35, akiacha madeni.

Atatokea mtu aseme: je, si kabaila yule aliyemlea Haydn? Mwenyewe alikiri kwamba pale, mbali na watu, alipata nafasi ya kujaribu na kukosea, hata akawa na njia yake mwenyewe. Ni kweli. Lakini kilichomfundisha ni bendi iliyokuwa tayari kila siku, si soksi nyeupe. Tena alipopewa mkataba mpya mwaka 1779, usiomfunga tena asiwauzie wengine kazi yake, kipaji chake hakikupungua. Sifa zake zilienea Ulaya, na simfonia 12 za mwisho alizitunga kwa ajili ya safari zake mbili za London.

Kwa hiyo tusidanganywe kwamba msanii hustawi kwa kudhalilishwa, wala kwamba hustawi kwa kutupwa sokoni peke yake. Hustawi kwa kazi ya kudumu, mkataba wa haki, na kumiliki alichokitunga.

Hapa inatubidi tujitazame. Ni mara ngapi tumeita bendi au kwaya katika mikutano yetu, ikatutumbuiza mchana kutwa juani, tukaiaga kwa makofi na soda? Dereva aliyetuleta tulimlipa. Mwenye viti tulimlipa. Mpigaji tulimwambia kwamba kazi yake ni mchango. Tunaowalaani makabaila wa jana tusivae makoti yao leo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.